Picha za arusi za miaka mitatu ndani ya diski moja

Dada mmoja mpiga picha wa Mkomani, kisiwani Amu (Lamu), ameniandikia hivi:

"Assalamu alaykum, fundi. Mimi hupiga picha za arusi upande wa wanawake. Laptopu yangu ilijaa, nikanunua diski ya nje ya terabaiti 2, nikahamishia humo picha zote za miaka mitatu na kuzifuta kwenye laptopu. Sasa diski imeanza ukaidi: nikiichomeka mara ya kwanza haionekani, mpaka niichomoe na kuichomeka tena. Nataka kununua nyengine kubwa zaidi iwe ya akiba. Ninunue ya aina gani, na niitengeneze vipi? Jamaa mmoja ameniambia dawa ni RAID. Na ujue hizi ni picha za mabibi arusi na jamaa zao bila buibui, siwezi kuziacha zikazagaa."

Waalaykum salaam, dada yangu. Nitakujibu yote, lakini kuna jambo moja linatangulia ununuzi, nalo ni la leo. Hiyo diski usiichomeke tena kwa kujaribu tu kama itaonekana. Ikiwa inaumwa, kila jaribio linailia uhai wake, na wewe huna picha hizo mahali pengine popote.

Anza na waya. Nikiletewa diski yenye tabia hiyo uliyoieleza, waya ndio mshukiwa wangu wa kwanza, kwa sababu ni rahisi na hauna hatari kuujaribu. Diski nyingi za mkononi zina kile kichwa kipana chembamba cha mapande mawili, ambacho hulegea upesi, na kwetu huku pwani hewa ya chumvi hula pini zake taratibu. Tafuta waya mwengine wa aina ile ile, mfupi, uchomeke kwenye laptopu moja kwa moja, si kupitia kile kidude cha kugawa tundu moja kuwa manne. Kisha tega sikio. Ukisikia mvumo mwororo usiobadilika, mshukuru Mungu. Ukisikia tiki, tiki, tiki, halafu kimya, halafu tiki tena, ichomoe hapo hapo na usirudie. Ndani ya diski mna sahani zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele mara maelfu. Sauti ile ni kichwa kinachotafuta njia na kuikosa, na kila kinapotafuta huenda kinakwaruza pale pale picha zako zilipoandikwa. Kufikia hapo kazi si yako tena wala si ya fundi wa simu wa mtaani. Ni ya watu wanaofungua diski ndani ya chumba kisicho na vumbi, na bei yao ni ya kumliza mtu.

Ikiwa sauti ni nzima na diski imeonekana, huenda Windows ikakuuliza kama unataka kuikagua na kuirekebisha, au hata kuifomati, yaani kuiandaa upya ikiwa tupu. Kataa yote mawili. Kurekebisha ni kuandika, na diski mgonjwa haiandikwi. Toa picha kwanza, tena kwa mpangilio: tangulia arusi ambazo hujawakabidhi wenyewe, kisha zile za karibuni, na za zamani ziwe mwisho. Za zamani angalau kuna mama wa bibi arusi aliyekwisha kupokea zake. Azima hata diski ya ndugu kwa siku mbili, usingoje mpaka upate pesa ya diski nzuri.

Sasa tuseme ukweli kidogo, usinikasirikie. Ulichofanya hakikuwa kuweka akiba. Ulihama nyumba. Picha zilikuwa mahali pamoja, yaani laptopu, ukazipeleka mahali pengine pamoja, yaani diski, na sasa ziko hapo peke yake kama zilivyokuwa mwanzo. Ni kosa la kawaida kabisa, kwa sababu diski hizi huuzwa zikiitwa "za bakapu" na mtu hudhani kuimiliki tu kunatosha. Akiba ni nakala ya kitu ambacho bado unacho. Ikiwa faili ipo mahali pamoja tu, haina akiba, hata mahali hapo pawe diski ya bei ya ng'ombe.

Wapiga picha wana kanuni iliyoenezwa na Mmarekani Peter Krogh, naye ni mpiga picha kama wewe, inayoitwa 3-2-1: nakala tatu, juu ya vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Mimi kwa kazi ya ukubwa wako nailegeza kidogo kwenye 3 na kwenye 2, lakini kwenye ile 1 silegezi. Kwa hivyo jibu la "ninunue diski gani" ni kwamba usinunue diski moja kubwa. Nunua mbili za wastani.

Ukubwa upime kwa hesabu yako mwenyewe, usimsikilize muuzaji. Picha moja ghafi (RAW) ya kamera ya megapikseli 24 huwa kama megabaiti 25 hadi 30. Ukibakisha picha 900 kwa arusi, kuanzia siku ya kupamba mpaka kutolewa nje, ni kama gigabaiti 25. Arusi 20 kwa mwaka ni nusu terabaiti, na miaka mitatu ni terabaiti moja na nusu, ambayo nadhani haiko mbali na ulizo nazo. Diski ya terabaiti 4 itazibeba hizo na kukupa kama miaka mitano mbele. Zaidi ya hapo ni kununua nafasi ya kuhifadhi hewa, kwa sababu mwaka wa tano diski yenyewe itakuwa imezeeka. Na ukiichomeka uone Windows inasema 3.6 badala ya 4, usirudi dukani kugombana. Mwenye kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024, na hakuna aliyekuibia.

Kuna aina mbili za diski za sahani. Ile kubwa ya mezani huja na adapta yake ya stima, na ile ndogo ya mkononi hupata nguvu kutoka kwa laptopu kupitia waya wa USB. Kwa Amu chukua ndogo. Unajua stima zetu. Ile ya mezani stima ikipotea inakatika katikati ya kuandika, lakini ndogo inaendelea kunywa kwenye betri ya laptopu na kukupa muda wa kuifunga kwa heshima. Tena ndogo inaingia kwenye mkoba ukipanda boti kwenda Mokowe.

SSD je? Haina sahani wala kichwa, ikianguka mara nyingi hunyanyuka salama, na ina kasi. Kwa kufanyia kazi nakuombea uwe nayo siku moja. Kwa akiba bado nazipenda zenye sahani, kwanza kwa bei ya kila terabaiti, pili kwa sababu SSD huhifadhi data kwa chaji ya umeme, na ikikaa kabatini miaka bila kuchomekwa chaji hiyo yaweza kufifia. Jihadhari pia na zile "SSD" ndogo za terabaiti 16 zinazouzwa kwa bei ya kapu la samaki. Ndani yake huwa kuna kadi ya kumbukumbu ndogo iliyofundishwa kusema uongo. Inapokea faili zako zote kwa bashasha, na ikijaa inaandika juu ya zile za kwanza. Jina la picha utaliona, picha yenyewe haipo.

Zile mbili, ukiweza, ziwe za makampuni tofauti au zinunuliwe miezi tofauti. Diski zilizotoka kiwandani siku moja zikiwa na kasoro moja huweza kuugua pamoja.

Ukishazileta nyumbani usikimbilie kuzijaza. Zipe siku ya mtihani. Kuna programu ya bure ya Windows iitwayo H2testw, na ya Mac na Linux iitwayo F3. Huijaza diski nzima kwa data ya kubuni kisha huisoma yote tena kuhakikisha kilichoandikwa ndicho kinachosomeka. Kwa terabaiti 4 itachukua zaidi ya siku, iache ifanye kazi wewe ukilala. Diski mbovu ni heri ikuonyeshe ubovu wiki ya kwanza, ikiwa tupu na risiti ungali nayo.

Kisha kufomati, yaani kuchagua mfumo wa kupanga faili ndani ya diski. Hukuniambia laptopu yako ni ya aina gani. Ikiwa ni Windows na itabaki Windows, tumia NTFS. Ikiwa ni Mac peke yake, tumia APFS. Wengi watakushauri exFAT kwa kuwa inasomeka kote kote, na ni kweli inasomeka, lakini haina daftari la ndani la kukumbuka ilikuwa ikiandika nini stima au waya ulipokatika, kwa hivyo ukiichomoa ghafla huvurugika kwa urahisi kuliko hizo mbili. Mimi exFAT naipa kazi ya kubebea faili kumpelekea mtu, siyo ya kulaza akiba. FAT32 iache kabisa, haipokei faili moja inayofika gigabaiti 4, na video yako ya vugo la saa nzima itapita hapo bila shida. Ukifomati, zipe majina: moja AKIBA A, nyengine AKIBA B, na uyaandike pia kwa kalamu kwenye plasta juu ya ganda. Utacheka, lakini nimeona mtu akifuta diski nzima kwa kuwa zote mbili zilikuwa nyeusi.

Sasa lile la buibui, ambalo kwangu ni zito kuliko terabaiti. Mwanamke aliyekuruhusu umpige picha ukumbini amekupa amana, na diski ikiangukia mikononi mwa mtu si lazima awe mjuzi. Akiichomeka tu, kila kitu ki wazi. Kwa hivyo ifunge kwa nywila diski yenyewe, na uifunge ikiwa bado tupu, ndipo upakie. Kwenye Windows Pro kuna BitLocker. Windows Home itakufungulia diski iliyokwisha kufungwa lakini haiwezi kuifunga, hapo tumia VeraCrypt, ambayo ni ya bure. Mac huuliza wakati ule ule wa kufomati, chagua APFS iliyosimbwa, yaani iliyofungwa kwa nywila. Kisha sikiliza vizuri: ukisahau nywila, hakuna fundi Amu, Malindi wala Mombasa atakayeifungua. Ndiyo maana ya kufuli lenyewe. Iandike kwenye karatasi, pamoja na ule ufunguo mrefu wa dharura ambao BitLocker hukupa, uiweke pale mama anapoweka hati za nyumba. Usiibandike kwenye diski. Wapo wanaofanya hivyo.

Namna ya kupakia. Fanya folda moja kwa kila mwaka, na ndani yake folda kwa kila arusi ikianza na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, mfano 2025-08-16, halafu neno moja la kukukumbusha mtaa au ukumbi. Majina ya watu usiyaandike. Kwa mpangilio huo kompyuta itakupangia yenyewe. Nakili, usihamishe, hapo ndipo ulipoteleza mara ya kwanza. Na usinakili kwa kuburuta na kipanya ukitegemea macho, kwa sababu ikikatika katikati hujui imefika wapi. Tumia FreeFileSync, ambayo hulinganisha pande mbili na kupeleka kilichopungua tu. Ina njia kadhaa, nawe chagua ile ya kusasisha, siyo ile ya kioo. Njia ya kioo hufanya diski ifanane na laptopu kwa kila hali, na maana yake ni kwamba ukifuta folda kwenye laptopu kwa bahati mbaya, jioni inafutwa na kwenye akiba. Ni chombo kizuri mikononi mwa anayekijua. Mwanzo usikiguse.

Muda utategemea tundu. Kupitia tundu la USB 3, ambalo mara nyingi huwa na ulimi wa buluu ndani, diski za mkononi huandika kama megabaiti 100 kwa sekunde, na terabaiti yako moja na nusu itakwenda kwa saa nne na kitu. Kupitia tundu la zamani la USB 2 hesabu saa kumi na mbili. Hata kwa lile la haraka usishangae kasi ikishuka baada ya saa ya kwanza. Diski nyingi za siku hizi hupanga mistari ya data kama makuti, mmoja ukilalia mwenzake, na zikiandikwa mfululizo huchoka. Zima ile tabia ya laptopu kujilaza usingizi, iweke mahali penye hewa, na diski uilaze chali mezani, waya usipite njia ya watoto. Diski yangu mwenyewe iliwahi kufa kwa kuanguka kutoka kimo cha goti, nimeuvuta waya kwa mguu nikiinuka kwenda kuswali. Ilikuwa ikizunguka. Kama ingekuwa imezimwa, pengine tungekuwa nayo hadi leo.

Kabla ya kuichomoa iage kwanza, yaani bonyeza ile alama ya kuitoa salama, ungoje taa itulie. Na kadi ya kamera usiifute mpaka arusi hiyo iko mahali pawili ambapo si kadi. Nunua kadi mbili zaidi, ndiyo bima ya bei ndogo kuliko zote katika jibu hili.

Diski zikishapakiwa, zikae wapi? Siyo zote mbili kwako. A iwe nyumbani, B iwe kwa mtu unayemwamini, na isiwe nyumba inayopakana na yenu. Paa za makuti unazijua, moto ukishika moja hauulizi mpaka wa kiwanja uko wapi. Ikiwa una dada au shangazi huku Malindi, B ikae kwake, na kila unapokuja, au anapokuja yeye, mbadilishane: ile mpya inakuja, ile iliyokaa inarudi kusasishwa. Kusafiri nayo kuna adabu yake. Izimwe, ifungwe ndani ya taulo, iingie kwenye kikopo cha plastiki chenye kifuniko cha kubana, na kikopo kikae mapajani mwako, siyo chini ya boti ambako maji hutulia. Wakati wa kusi ongeza na mfuko wa nailoni juu yake.

Nyumbani, zidaka, zile shubaka za ukutani, ni pambo zuri lakini si pahali pa diski. Kuta za mawe hupumua unyevu, na dirisha la baharini huleta chumvi hadi chumbani. Kikopo kile kile kitafaa, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu. Friji usithubutu, ukiitoa itatoka jasho ndani kwa ndani.

Tena A isikae imechomekwa mchana kutwa. Virusi vya kufunga faili na kudai fidia hufunga kila diski wanayoikuta wazi, na radi ya masika ikipita kwenye waya wa chaji haichagui. Ichomeke, sasisha, iage, irudi kikoponi. Mara moja kwa wiki, na siku ya pili baada ya kila arusi.

Kuhusu RAID, jamaa yako hakukosea kwamba ipo, amekosea kazi yake. Aina yake inayokusudiwa hapa ni diski mbili ndani ya sanduku moja zikiandikwa pamoja. Moja ikifa, kazi haisimami, na kwa duka la mtandaoni hilo ni jambo kubwa. Lakini ukifuta picha imefutwa kwa zote mbili, sanduku likiibwa zimekwenda zote mbili, likimwagikiwa chai vivyo hivyo.

Mawinguni, yaani kwenye hifadhi ya mtandaoni, unaweza kuweka zile teule ulizokwisha kuzisafisha, hasa kwa kuwa kwako kuna swali la nani anaziona. Gigabaiti 15 za bure za Google hazitoshi hata arusi moja ghafi, na kupandisha terabaiti moja kwa bando la simu sikushauri.

Kila miezi mitatu fungua CrystalDiskInfo, programu ya bure ya Windows, itazame afya ya diski. Ikiandika tahadhari ya njano, hasa kwa sekta, yaani vipande vidogo vya diski, zilizohamishwa au zinazosubiri, usijadiliane nayo, nunua nyengine. Na fungua picha kumi za kubahatisha kutoka miaka tofauti, uzitazame kwa ukubwa wake kamili. Andika tarehe kwenye kijitabu pamoja na kilichomo A na kilichomo B. Mali bila daftari, wazee walisema, hupotea bila habari.

Imebaki ile diski mgonjwa. Hiyo haikufungwa kwa nywila, na picha zote zimo. Ukishazitoa na kuzihakiki, usiirudishe dukani kwa sababu ya dhamana, wala usimpe mtu "ajaribu kuitengeneza", wala usiiuze. Kufomati kwa haraka hufuta orodha ya majina tu, picha zenyewe hubaki na programu ya bure huzirudisha. Ikiwa bado inaandikika, iandike juu yote: Windows, ukiondoa tiki kwenye fomati ya haraka, hujaza sifuri diski nzima. Ikiwa imekufa, ipigwe nyundo. Lakini ifunge kwanza ndani ya gunia au kitambaa kizito, kwa kuwa sahani za diski ndogo mara nyingi ni za kioo, na zikipasuka hutawanyika kama gilasi.